Jicho la Kulia la Bwana Hiari

Jicho lake la kulia lilianza kucheza Jumanne saa nne asubuhi, katikati ya ndoa ya watu wengine.

Ziko lugha ambazo jicho huruka, na ziko ambazo hutetemeka kama mtu mwenye homa. Kwa Kiswahili jicho hucheza, na neno hilo lina ubaya wake. Mtu mzima akilalamika kwamba jicho lake linacheza, hapewi pole. Anaulizwa linacheza na nani.

Mwenye jicho alikuwa karani wa ndoa katika ofisi ya vizazi, ndoa na vifo. Jengo lenyewe lilipangwa na mtu mwenye akili nyingi au mwenye mzaha mwingi: vizazi viliandikwa ghorofani, ndoa chini karibu na lango, na vifo katika chumba kilichochimbwa chini ya ardhi, hivyo mtu angeweza kumaliza maisha yake yote kwa kushuka ngazi tu. Karani alikuwa amekaa pale katikati kwa miaka kumi na tisa. Jina lake lilikuwa kwenye kibao cha mlango, lakini hakuna aliyelisoma. Wote walimwita Bwana Hiari, kwa sababu ya swali.

Swali lilikuwa hili: "Je, unaingia katika ndoa hii kwa hiari yako, bila kulazimishwa na mtu yeyote?" Aliliuliza kwa sauti aliyoifanyia mazoezi bafuni, na kwa uso uliotulia kama muhuri. Chini ya swali hilo, kwenye fomu, palichapwa maneno: *Ndiyo / La (futa lisilohusika)*. Katika miaka kumi na tisa hakuna aliyewahi kumjibu "La." Kwa hiyo Bwana Hiari alikuwa amejirahisishia kazi. Kila Jumatatu asubuhi, kabla ya mlango kufunguliwa, alichukua fomu za wiki nzima, akaweka rula, akafuta "La" zote kwa mstari mmoja mnyoofu, upande wa mume na upande wa mke. Ilimwokolea muda. Wino pia ulikauka vizuri.

Wala usidhani hakuipenda kazi. Aliipenda kuliko mtu anavyopaswa kuipenda kazi ya serikali. Koti lake jeusi alilipiga pasi mwenyewe. Maua ya plastiki ya mezani aliyafuta vumbi kwa kitambaa chenye maji. Kwenye droo ya kulia aliweka leso tatu safi za akina mama wakwe, na kwenye ya kushoto pete moja ya bati kwa mabwana harusi wanaosahau. Akitoka pale saa tisa alasiri, alitembea kama mtu aliyejenga nyumba kadhaa tangu asubuhi.

Jumanne hiyo bwana harusi alikuwa dereva wa lori. Alijibu "Ndiyo" kama anayemjibu askari wa barabarani. Bwana Hiari akamgeukia bibi harusi, akauliza swali, na alipofika kwenye neno "hiari" kope ya jicho la kulia ikaruka mara tatu, tap, tap, tap, kama mtu anayegonga dirisha kwa siri.

Bibi harusi alimtazama karani. Akamtazama dereva. Kisha akainama mbele, akashusha sauti.

"Kwani umesikia nini?"

"Mimi?" Bwana Hiari akasema. "Sijasikia kitu, binti yangu." Kope ikaruka tena.

"Asikie nini?" dereva akauliza.

"Ndicho ninachouliza."

Iliwachukua dakika ishirini. Mwishowe dereva, jasho likimtiririka, aliungama bila kuulizwa na mtu kwamba meno yake mawili ya mbele ni ya kubandika. Bibi harusi akasema hayo alishayajua, yalitoka siku walipokula mahindi. Wakafunga ndoa. Lakini Bwana Hiari alipotia muhuri mkono wake haukuwa na raha. Kitu kilikuwa kimeingia chumbani mwake bila kujiandikisha.

Alhamisi baba wa bibi harusi, mzee mwenye kitambi na fimbo, alisimama na kuuliza mbele ya watu arobaini kwa nini karani anamkonyeza binti yake siku ya harusi yake. Jumatatu iliyofuata ikawa mbaya zaidi. Msichana mmoja mwembamba, mwalimu wa chekechea, alisikiliza swali, akaona kope, akavuta pumzi na kusema, "Basi hebu tukafikirie kwanza." Wakaondoka wote, na keki yao.

Ofisini kila mtu alikuwa na dawa. Mlinzi wa lango alishikilia kwamba jicho la upande ule likicheza ni heri, mtu atapata mgeni au kitu kizuri. Mpiga chapa, mama aliyekuwa akiandika vyeti tangu enzi za mashine ya utepe, alimcheka.

"Heri gani? Linaitwa jicho la kulia. Jina lenyewe linakwambia kazi yake."

"Kulia ni upande."

"Upande wa kulia. Sawa. Wewe subiri utaona kama atacheka."

Yeye huyo mama ndiye aliyemchania Bwana Hiari kipande cha karatasi, akakilowesha mate bila kuomba ruhusa, na kukibandika juu ya kope. Kilikaa siku nzima. Kope iliendelea kucheza chini yake, na sasa ilikuwa na bendera.

Nyumbani hakukuwa na nafuu. Mkewe alikuwa msusi, na saluni yake ilikuwa sebuleni: viti viwili, kioo kirefu, mashine ya kukaushia nywele iliyonguruma kama ndege isiyoruka, na wanawake wasiopungua watatu wakati wowote. Bwana Hiari ilimbidi apite katikati yao ili afike chumbani. Miaka yote alipita kwa heshima, macho chini. Wiki hiyo mteja mmoja aliyekuwa nusu kasukwa, nusu hajasukwa, aligeuka kwenye kiti.

"Mwenzangu, sitaki ugomvi, lakini mumeo amenikonyeza."

"Usijisifu," msusi akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye utosi wa mtu. "Jana amelikonyeza friji."

"Yaani kila mtu?"

"Kila mtu. Jumapili amemkonyeza mchungaji, na mchungaji akajibu. Sasa sijui hao wawili wana mpango gani."

Sebule nzima ikaangua kicheko. Bwana Hiari akaingia chumbani, akafunga mlango, akakaa kitandani na kujitazama kwenye kioo cha kunyolea. Alilingoja jicho. Likatulia tuli, lenye adabu, kama mtoto mbele ya wageni. Alipokiweka kioo chini, likaanza.

Kwa Mkuu wa ofisi aliitwa Jumatano. Mkuu alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani ya kamba na mazoea ya kusoma barua ukiwa umesimama mbele yake. Mezani palikuwa na malalamiko matatu.

"Bwana Hiari, nitakusomea moja tu. 'Karani alimwuliza mwanangu swali huku akimwashiria asijibu.' Ni kweli?"

"Ni kope, Mkuu. Inacheza yenyewe."

"Wiki hii imeharibu ndoa moja na kuchelewesha nne."

"Nimeweka karatasi."

"Nimeiona karatasi." Akavua miwani. "Sikia. Mwisho wa mwezi, Ijumaa, mpwa wangu anafunga ndoa hapa. Mtoto wa kaka yangu. Mimi ndiye shangazi na mimi ndiye nitakayekaa mstari wa mbele. Ukiwa na jicho lililotulia, utafungisha wewe, na haya malalamiko nayachana. Lisipotulia, Jumatatu yake unashuka chini, masijala ya vifo. Kule hakuna atakayelalamika kwamba umemkonyeza."

Bwana Hiari alikuwa ameingia chumba kile cha chini mara mbili maishani. Kilikuwa na balbu moja, makabati ya chuma, na karani mmoja aliyezungumza na watu kama anayewahifadhia nafasi. Maua hayakuwepo hata ya plastiki. Alirudi mezani kwake akakaa, akafungua droo ya leso na kuifunga, akaifungua tena.

Siku iliyofuata, siku ya kumi ya jicho, alimwandikia dada yake ujumbe wa simu. Dada mkubwa ndiye aliyemlea, na hadi leo mambo yakimzidi Bwana Hiari hurudi kuwa mtoto wa miaka saba. Aliandika kwa kidole gumba kimoja, amefinya jicho, na neno moja dogo likamponyoka. Alikusudia kuandika "jicho la kulia." Alichotuma ni hiki:

*Dada shikamoo. Jicho kulia halipumziki leo siku ya kumi. Kazini wanataka kunitoa. Mke wangu anacheka tu.*

Kesho yake, kabla ya adhuhuri, dada alikuwa mlangoni mwa saluni akiwa na begi kubwa, begi dogo na mwavuli. Alikuwa amesafiri tangu alfajiri. Kwa miaka thelathini alikuwa matroni wa bweni la wasichana. Aliwahi kulaza watu mia mbili kila usiku kwa kupiga makofi mara mbili. Hakuketi.

"Wifi," akasema.

"Wifi, karibu. Mbona hukusema kama unakuja?" Msusi alikuwa na kitana mdomoni. Akakitoa.

"Nimekuja kuuliza jambo moja, na niulize mbele ya hawa hawa, maana sina siri. Ndugu yangu analia siku kumi. Siku kumi, wifi. Kazi inamtoka. Na wewe unacheka."

Mashine ya kukaushia nywele ilizimwa. Aliyekuwa chini yake hakutaka kukosa kitu.

"Analia?" msusi akasema. "Nani kasema analia?"

"Yeye mwenyewe." Dada akatoa simu, akainyoosha mbali na macho, akausoma ujumbe wote kwa sauti ya kuita majina bwenini.

Msusi aliusikiliza hadi mwisho. Akaomba simu, akausoma mwenyewe. Kisha akakaa juu ya kiti cha wateja, akashika tumbo, na akacheka mpaka kitana kikaanguka.

"Unaona," dada akawaambia wateja. "Nimesema uongo?"

Bwana Hiari aliporudi alasiri aliwakuta wanawake wawili anaowaogopa kuliko wote duniani wameketi pamoja, wanakunywa chai, wamenyamaza. Alijua mara moja kwamba kimya hicho kinamhusu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Sogea hapa kwenye mwanga." Akamshika kidevu. Kope ikaruka. "Hili?"

"Hilo, dada."

"Hili ni jicho *la* kulia."

"Ndiyo."

"Sasa 'la' uliipeleka wapi?"

"Ipi?"

"Kwenye ujumbe. Neno lenyewe herufi mbili, nimeuza kuku wawili kwa haraka nikapanda basi nikijua nakuja kuvunja ndoa. 'La' iko wapi?"

Bwana Hiari alitazama simu. Haikuwepo. "Imenipita," akasema. "Mkono umezoea kuiruka."

Hakufikiria zaidi kuhusu jibu hilo wakati ule. Dada pia hakulifikiria. Alikuwa ameshaanza kukagua nyumba.

Jumatatu alimpeleka kwa daktari wa macho kama anavyopelekwa mbuzi mnadani. Daktari alikuwa binti mdogo aliyeonekana kana kwamba amemaliza shule juzi. Alimwangaza kwa tochi, akamfumbisha macho, akamfumbua, akamwonyesha herufi ukutani, kisha akamwuliza maswali ambayo hayakuwa na heshima yoyote ya kitabibu.

"Chai vikombe vingapi kwa siku?"

"Viwili."

"Viwili kabla mlango wa ofisi haujafunguliwa," dada akasema. "Nimemwuliza mpiga chapa kwa simu. Tisa. Ya rangi, kali."

"Unalala saa ngapi?"

"Mapema," akasema Bwana Hiari.

"Saa nane," dada akasema. "Anaangalia mieleka ya marudio. Anajua mshindi ni nani, bado anaangalia."

"Na mezani kwako kuna mwanga gani?"

Hapo alisema kweli. Juu ya meza yake kulikuwa na taa ndefu iliyokuwa ikipepesa tangu mwaka juzi. Fomu zilikuwa za herufi ndogo, na miwani hakuwa nayo. Alikuwa akiazima ya mkewe, ambayo ilikuwa ya zambarau.

"Basi," daktari akasema. "Ni msuli mdogo wa kope, umechoka. Punguza chai, lala, badilisha taa, chukua miwani yako mwenyewe. Jioni weka kitambaa cha maji ya vuguvugu. Litatulia. Likianza kufunga jicho zima, au likisambaa shavuni, au wiki zikipita bila nafuu, urudi."

"Hakuna dawa?"

"Dawa ni kulala."

Bwana Hiari alitoka amenuna. Siku kumi na nne za fedheha, na ugonjwa haukuwa hata na jina refu.

Lakini matroni alikuwa amepata kazi. Majani ya chai aliyafungia ndani ya begi dogo na ufunguo akauvaa shingoni. Saa tatu usiku alisimama mlangoni na kupiga makofi mara mbili, na taa ikazimwa, Bwana Hiari na mkewe wakajikuta wamelala gizani kama wanafunzi wa kidato cha kwanza, wakicheka chini ya shuka.

"Nikitaka kwenda chooni?" mkewe alinong'ona.

"Nyoosha mkono."

Aliyempandia kubadilisha taa ofisini ni mlinzi wa lango, kwa ngazi ya kuazima. Miwani mpya ilikuwa nyeusi, ya kistaarabu. Wiki ya kwanza jicho lilicheza asubuhi tu. Wiki ya pili lilicheza mara moja, likiona kikombe cha mtu mwingine. Alhamisi, siku moja kabla ya harusi ya mpwa wa Mkuu, Bwana Hiari alikaa mbele ya kioo robo saa, akakiweka chini, akakiinua ghafla ili alifumanie. Halikuwa na habari naye. Lilikuwa limetulia kama kifuniko cha sufuria tupu.

Ijumaa alipiga pasi koti mara mbili.

Bwana harusi alikuwa fundi umeme, kijana mrefu mwenye suti iliyomwacha vifundo vya mikono nje. Alikuwa amepata ajira katika mji mwingine, na ilikuwa aripoti Jumatatu. Ndiyo maana harusi ilikimbizwa. Bibi harusi alikuwa mwokaji mikate. Mikononi mwake, juu kidogo ya glavu nyeupe, zilionekana alama fupi za kuungua, zile ambazo trei za moto huacha kwa mtu anayezitoa mwenyewe. Mkuu aliketi mstari wa mbele, kiti cha katikati, mkoba magotini, na hakuwatazama maharusi. Alilitazama jicho.

Watu walipokuwa wakitafuta viti, Mkuu aligeuka kumwambia jirani yake, kwa sauti ya mtu ambaye hajawahi kuhitaji kunong'ona:

"Tiketi za Jumapili nimeshakata. Mbili. Watalala njiani, Jumatatu wako kazini."

Bibi harusi akageuza kichwa. "Mbili?" alisema polepole, si kwa Mkuu, kwa fundi umeme. Fundi umeme alitazama viatu vyake, ambavyo vilikuwa vipya na havikuwa na msaada wowote.

Bwana Hiari alisikia. Alikuwa ameketi hatua mbili tu kutoka kwao. Alikuwa amesikia maneno kama hayo mara mia, mezani pale, na kila mara alichofanya ni kuinua kalamu, kwa sababu kalamu ikiinuliwa watu hunyamaza.

Akainua kalamu. Wakanyamaza.

Akamwuliza bwana harusi. Bwana harusi akasema ndiyo.

Akamgeukia bibi harusi. "Je, unaingia katika ndoa hii kwa hiari yako, bila kulazimishwa na mtu yeyote?"

Sauti ilitoka vizuri, ile ya bafuni. Kope haikutikisika. Mkuu, mstari wa mbele, alianza kutabasamu. Bibi harusi alifungua mdomo, akamtazama Mkuu, akaufunga, akatazama fomu iliyokuwa mezani kati yao. Bwana Hiari naye akaitazama. Pale chini ya swali palikuwa na "Ndiyo," safi, na ubavuni mwake mstari mnyoofu wa wino uliokauka tangu Jumatatu. Binti alikuwa anasoma jibu lake, limeshaandikwa, na yeye hajasema.

Kilichohitajika ni kungoja tu. Sekunde tatu, nne, "ndiyo" hujitokeza yenyewe; kimya cha watu arobaini huikamua. Jicho lilikuwa limepona. Chumba kilikuwa chake. Angekaa pale mpaka astaafu, na leso zake na maua yake.

Bwana Hiari alivua miwani, ili kusiwe na shaka, na akamkonyeza. Taratibu, kope yote, kama mtu anayefunga duka.

Mkuu alishusha pumzi kupitia puani. Ilisikika mpaka nyuma.

"Samahani," bibi harusi akasema. "Naomba tutoke kidogo. Sisi wawili tu."

Walitoka. Mlango wa chumba cha ndoa ni wa mbao nyembamba, na mpiga chapa, chumba cha pili, aliacha kuchapa. Kila neno lilifika.

"Nani alikwambia nitaliacha tanuri langu?"

"Shangazi alisema utapata kazi kule kule."

"Unamuoa shangazi?"

"Hapana."

"Mimi umeniuliza?"

"Sijakuuliza."

"Sasa niulize."

Yaliyofuata yalisemwa kwa sauti ndogo, na hata mpiga chapa, aliyekuwa ameegemeza sikio ukutani, hakuyapata. Ndani, watu arobaini walitazama maua ya plastiki. Mkuu alimtazama Bwana Hiari, na Bwana Hiari alitafuta fomu nyingine kwenye droo. Zote zilikuwa zimefutwa. Ilibidi ampelekee mpiga chapa ombi la fomu mpya kupitia dirisha dogo.

Walirudi baada ya dakika kumi. Bibi harusi alikuwa amevua glavu.

"Niulize tena," akasema.

Akamwuliza tena.

"Ndiyo. Kwa hiari yangu. Atakuwa anakuja kila Ijumaa mpaka apate uhamisho." Akageuka nusu. "Na tiketi moja irudishwe, shangazi. Ahsante."

Aliisema "ndiyo" hiyo kwa sauti ambayo mlinzi aliisikia langoni. Bwana Hiari alikuwa amesikia "ndiyo" nyingi mno, na hapo aligundua kwamba nyingi alizozisikia zilikuwa kikohozi tu.

Watu walipokwisha kutoka, Mkuu alibaki kwenye kiti chake cha katikati.

"Jicho limepona?"

"Limepona, Mkuu. Tangu jana."

"Na ile ilikuwa nini?"

Angeweza kusema ni kope. Kila mtu angeamini. Kulikuwa na malalamiko matatu ya kumshuhudia. "Ile haikuwa jicho," akasema. "Ilikuwa mimi."

"Na kama angesema la?"

"Ningeandika la. Fomu ina nafasi."

Mkuu akasimama, akaja mezani, akachukua fomu ya kwanza, ile iliyoachwa. Akaisogeza karibu na miwani. "Nafasi ipi?"

Bwana Hiari aliutazama ule mstari wa wino.

"Huwa unafuta lini?"

"Jumatatu, Mkuu. Za wiki nzima."

"Kwa mkono?"

"Kwa rula."

Mkuu aliikunja fomu mara mbili, polepole. Ilimjia Bwana Hiari wakati huo, na alishangaa kwamba haikumjia mapema, kwamba mwanamke huyu, kabla hajawa mkuu wa mtu, aliwahi kusimama upande ule wa meza. Miaka kumi na miwili iliyopita. Gauni la krimu. Bwana mmoja mwenye haraka.

"Yangu ilikuwa Alhamisi," Mkuu akasema.

"Nakumbuka."

"Kwa hiyo ilikuwa imeshafutwa siku tatu kabla."

"Siku tatu, Mkuu."

"Kuna kitu nilitaka kuuliza siku ile."

"Kitu gani?"

"Sasa si kazi yako." Akaiweka fomu ndani ya mkoba na kuufunga. Alipofika mlangoni aligeuka. "Jumatatu asubuhi nataka kuziona fomu za wiki. Zote. Nikikuta mstari hata mmoja, unashuka chini, na utashuka na maua yako." Kisha akarudi mezani, akayatoa mkobani malalamiko matatu, akayachana pale pale, akamwachia vipande avizoe mwenyewe.

Nyumbani alisimulia yote, mbele ya saluni nzima, maana dada alisema hakuna siri. Alipofika kwenye kukonyeza, mkewe aliacha kusuka.

"Yaani hii moja umekonyeza kwa makusudi?"

"Kwa makusudi."

"Na mimi miaka ishirini na nne sijawahi kupata hata ya bahati mbaya."

"Ulipata. Ulisema ni ya friji."

Dada aliondoka Jumapili, na majani ya chai akasahau kuyarudisha. Jumatatu Bwana Hiari alipeleka fomu zote kwa Mkuu, nyeupe, "Ndiyo" na "La" zimekaa ubavu kwa ubavu kama watu wasiofahamiana ndani ya basi. Rula hakuwa na haja nayo tena. Aliirudisha nyumbani mfukoni mwa koti. Mkewe aliichukua, akaipitisha kwenye utosi wa mteja kutoka paji la uso hadi kisogoni, akautazama mstari wa nywele uliogawanyika sawasawa, akasema angalau sasa imepata kazi ya maana.